Gharama za Vyombo vya Sauti na Picha Katika Mkutano wa Kikundi



Inapofika miezi ya kufunga hesabu, vikundi vingi huanza kupanga mkutano mkuu wa mwaka, na miungano ya vikundi hupanga semina ya siku moja au mbili. Kamati inaketi na kuandika: chakula, viti, hema, nauli ya wageni. Halafu mtu mmoja, mara nyingi kijana, anauliza, "Na mitambo je?" Hapo ndipo kalamu inaanza kusitasita. Bei ya kilo ya nyama au debe la maharagwe kila mama anaijua, na si rahisi kumdanganya. Lakini bei ya spika, maiki, projekta na jenereta tunaambiwa na mwenye vyombo mwenyewe, na sisi tunaitikia tu kwa sababu hatutaki kuonekana washamba.

Katika toleo hili tunataka kuongea juu ya gharama hizo. Pesa zinazotumika ni za wanachama, zile shilingi hamsini hamsini zinazochangwa kila wiki. Kikundi kinaweza kumaliza akiba ya mwaka kwa mchana mmoja, na bado wazee walioketi nyuma wasisikie kitu.

Kwanza ni masikio

Tuanze na swali ambalo kamati nyingi hazijiulizi: vyombo hivi ni vya kazi gani? Wengine watasema ni vya kuheshimu wageni, kwa kuwa mjumbe wa kaunti atakuja. Wengine watasema mkutano bila muziki haupendezi. Mimi nasema tuangalie kazi ya mkutano wenyewe. Mkutano mkuu ndio mahali mweka hazina anasoma hesabu, na wanachama wanakubali au wanakataa. Mama aliyeketi nyuma kabisa, mtoto akilia mgongoni, kama hakuisikia ile hesabu basi hakusomewa. Atapiga makofi wengine wakipiga, atainua mkono wengine wakiinua. Miezi miwili baadaye, pesa za tangi zinapoanza kukatwa, atasema, "Mimi sikuambiwa," na atakuwa anasema kweli. Katika kazi hii ya kutembelea vikundi nimeona vingi vikivunjika kwa maneno kama hayo, hata pale ambapo hakuna senti moja iliyoibiwa.

Kwa hiyo pesa za kusikia zitoke kwanza, na zitoke bila manung'uniko. Pesa za kuona zifuate, kama zipo. Za kujionyesha kila mtu atoe mfukoni mwake.

Sasa, sauti ya mtu inafika wapi? Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mtu anayeongea kawaida, ukiwa mita 1 kutoka kwake, anatoa karibu desibeli 60. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Mita 2 inabaki 54, mita 4 ni 48, mita 8 ni 42, na mita 16 ni 36. Upepo kwenye majani, watoto wanaocheza na masufuria ya jikoni hupita hapo bila taabu. Na ili mtu aelewe maneno vizuri bila kukunja uso, sauti ya msemaji inafaa kuzidi makelele ya mahali pale kwa karibu desibeli 15. Kupaza sauti kunasaidia, lakini hakuna mweka hazina atakayesoma kurasa kumi za hesabu akipiga kelele.

Maana yake ni nini kwa mfuko wa kikundi? Watu 30 au 40 waliokaa karibu karibu chini ya mti hawahitaji mtambo wowote. Watu 80 hadi 100 wanaweza kutosheka na kipaza sauti cha mkononi, kile cha betri ambacho watu wa matangazo hutembea nacho sokoni, au spika moja ya kuchaji yenye maiki yake. Ni kuanzia watu 200 hivi uwanjani ndipo spika mbili juu ya stendi zinahitajika kweli. Lakini mara nyingi utakuta watu 60 ndani ya darasa moja, na mbele yao spika nne zenye urefu wa mtu! Wale wa mbele wanaziba masikio, na kikundi kimelipa.

Kuna mambo yasiyogharimu chochote ambayo yanapunguza vyombo utakavyokodi. La kwanza ni jinsi ya kuketi. Watu 200 wakiketi kwenye mistari ya watu kumi kumi, yule wa mwisho yuko karibu mita 18 kutoka kwa msemaji. Wapange katika nusu duara, na wa mwisho anakuwa mita 10 tu. Umefanya kazi ya spika moja kwa kuhamisha viti. Tena angalia upepo: msemaji asimame upande ambao upepo unatoka, ili sauti ichukuliwe kuelekea kwa watu. Jikoni pawe mbali, upande wa pili wa jengo. Spika ziinuliwe juu ya vichwa vya watu waliokaa, kwa maana zikiwekwa chini, wa mbele wanaimeza sauti yote. Na anayeshika maiki asisimame mbele ya spika. Ile miluzi inayotoboa masikio inatokea pale ambapo maiki inasikia sauti ya spika na kuirudisha tena na tena. Fundi mbaya atakuambia mashine ni ndogo na ukodi kubwa zaidi. Sogeza maiki nyuma kwanza.

Jambo moja zaidi kabla sijaacha masikio. Wanachama wasiosikia vizuri wawekewe viti vya mbele. Na kama kikundi kina kiziwi, spika hata ziwe ishirini hazitamsaidia. Katiba yetu ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha ambayo serikali inapaswa kuiendeleza, na malipo ya mkalimani wake yaandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, mstari ule ule wa maiki.

Picha na projekta

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Projekta inapendeza, nakubali, na kwa semina ya siku mbili ndani ya ukumbi wenye pazia inaweza kufanya kazi nzuri. Lakini ndani ya hema jeupe saa sita mchana ni kazi bure. Mwangaza wa projekta hupimwa kwa lumeni, na nyingi zinazokodishwa mijini ni za lumeni 3,000 hivi. Hizo zinafaa chumba chenye kivuli. Mwangaza wa jua unazishinda kabisa, na watu wataona kitambaa cheupe kilichopauka. Nimekaa katika mkutano mmoja ambapo mgeni kutoka mjini alisoma kurasa zake zote kwenye kioo cha kompyuta yake, kwa sababu ukutani hapakuonekana hata mstari mmoja, na bado mwenye projekta alilipwa yote.

Kama mnaamua kuikodi, pimeni hivi: chukua umbali kutoka picha hadi kiti cha mwisho, gawanya kwa 6, na hicho ndicho kimo cha picha. Ukumbi wa mita 12 unataka picha ya kimo cha mita 2. Kama ukuta au kitambaa hakifiki hapo, wa nyuma hawatasoma.

Kitambaa cha kuonyeshea picha pia kina bei yake kwenye karatasi ya bei, mara nyingine mstari wa peke yake. Shuka jeupe lililovutwa vizuri au ukuta uliopakwa rangi nyeupe unatosha.

Na kama kazi yenyewe ni kuonyesha hesabu ya mwaka, mimi ningechukua kitambaa cha marekani, mita tatu au nne, na kalamu nene ya wino. Mapato upande mmoja, matumizi upande mwingine. Kanuni ya waandika mabango ni kwamba kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5. Mtu wa mwisho akiwa mita 10, herufi ziwe sentimita 8 hadi 9. Kitambaa hicho hakitaki stima, hakizimiki katikati ya mkutano, na jioni kinatundikwa kwenye duka la kijiji ili hata waliokosa kuja wasome. Mwaka ujao mnakuja nacho tena, na watu wanalinganisha wenyewe. Hakuna projekta inayofanya hivyo.

Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya katika miaka ya 1970, hawatashangaa. Anne Hope na Sally Timmel, ambao mwaka 1984 walitoa vitabu vya mafunzo hayo, walifundisha kwamba picha moja au mchezo mfupi unaoonyesha tatizo bila kutoa jibu unawafanya watu waongee kuliko hotuba ndefu. Vijana watatu wakiigiza jinsi mkopo unavyochukuliwa na usirudishwe, gharama yake ni soda tatu.

Stima

Mwenye jenereta atakuuliza, "Mna mitambo mingapi?" na kabla hujajibu anakuambia unahitaji ile kubwa. Afadhali ujue hesabu mwenyewe. Kila chombo kina wati zake zilizoandikwa nyuma au chini. Kompyuta ndogo ya kubeba ni karibu wati 65. Projekta ya taa ni kati ya wati 250 na 300. Spika zimeandikwa namba za kutisha, wati 1,000 au 2,000, lakini hiyo ni nguvu ya kilele, ya sekunde chache. Kwa kuongea tu, zinatumia kiasi kidogo cha hiyo. Kwa hiyo spika mbili, kompyuta na projekta pamoja, kwa hotuba, kwa kawaida hazifiki wati 1,000.

Jenereta nayo imeandikwa KVA. Zidisha hiyo namba kwa 0.8 upate kilowati. Ya 2.5 KVA inatoa karibu kilowati 2, yaani wati 2,000, ambayo ni mara mbili ya mahitaji yetu. Inabebwa na watu wawili na inaingia kwenye buti ya gari dogo. Ya 10 KVA inataka pikapu au lori, vijana wa kuiteremsha, na mafuta zaidi. Ile ndogo, ikifanya kazi ya kiasi, huchoma karibu lita moja ya petroli kwa saa, na zaidi ukiikamua. Patana mapema nani ananunua mafuta. Hii ni mojawapo ya gharama zinazojificha.

Adui wa jenereta ndogo si spika. Ni birika ya stima! Birika moja ya maji ya chai inachukua wati 2,000 au zaidi peke yake. Akina mama wa jikoni wakichomeka hiyo kwenye waya wa mitambo, kila kitu kinazimika katikati ya hotuba, na lawama zinamwangukia fundi. Chai ichemshwe kwa kuni au gesi.

Tena kwa usalama: jenereta isiwekwe ndani ya chumba wala kando ya hema. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo inaua watu wakiwa wamekaa. Izimwe kabla ya kuongezwa petroli. Waya mrefu wa kuongeza ukunjuliwe wote, maana uliozungushwa kwenye gurudumu lake unapata moto na unaweza kuyeyuka.

Kama shule au kanisa la jirani lina stima na ukumbi, kukutana huko ni rahisi kuliko kuleta jenereta uwanjani. Lipa kitu kidogo cha tokeni. Lakini uliza kwanza kama stima ya pale hupotea, na kama hupotea, kuwe na spika ya kuchaji karibu.

Karatasi ya bei

Tuchukue mfano. Hizi namba ni za mfano tu, kwa sababu bei za Kisii si za Lodwar, na za mwaka huu si za mwaka ujao. Muungano wa vikundi 12 una wanachama 180, na kila mmoja amechanga sh. 200 za mkutano. Jumla ni sh. 36,000. Mwenye vyombo analeta karatasi yake, ile wanaita kwotesheni: spika na maiki sh. 8,000, projekta na kitambaa sh. 5,000, jenereta sh. 6,000, kupiga video sh. 10,000, usafiri sh. 4,000, fundi sh. 2,000. Jumla sh. 35,000. Imebaki sh. 1,000 ya chai ya watu 180!

Kamati yenye hekima haikimbilii kumwambia, "Punguza kidogo." Inachukua kalamu na kuuliza kila mstari unafanya kazi gani. Spika na maiki zinabaki, na fundi anabaki. Video inatoka. Vijana wana simu, na wanachama wawili wakichaguliwa mapema kurekodi usomaji wa hesabu na kura, hiyo inatosha kwa kumbukumbu. Projekta inatoka, badala yake kitambaa cha hesabu sh. 1,200. Jenereta inatoka kwa kuwa mkutano umehamia ukumbi wa shule, na kikundi kinatoa sh. 500 ya tokeni. Mzigo umepungua, kwa hiyo pikapu ndogo inatosha, sh. 2,500. Tuongeze betri mpya za maiki, sh. 300. Sasa ni 8,000 na 2,000 na 1,200 na 500 na 2,500 na 300, jumla sh. 14,500. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa dharura, sh. 1,450. Tumefika sh. 15,950, na zimebaki sh. 20,050, yaani karibu sh. 111 kwa kila mtu ya kula. Na hakuna aliyepunguziwa kusikia.

Zile betri zisidharauliwe. Maiki isiyo na waya ikiishiwa na betri katikati ya kura, kijana anatumwa dukani kwa bodaboda na mkutano unalala. Omba na maiki moja ya waya ya akiba.

Ombeni bei kwa watu watatu. Najua katika vijiji vyetu mwenye spika mara nyingi ni mpwa wa mwenyekiti au shemeji wa katibu. Si dhambi kumpa kazi, kama bei yake ni nzuri na imesomwa mbele ya kamati pamoja na za wengine, na huyo mwenyekiti ametoka nje wakati wa kuamua. Ulizeni pia kama bei imejumuisha ushuru wa VAT, ambao ni asilimia 16. Bei ya sh. 20,000 ikiongezwa ushuru baadaye inakuwa sh. 23,200, na hakuna aliyepanga.

Siku nayo ina bei. Ijumaa na Jumamosi vyombo vyote viko kwenye mazishi na harusi, na Desemba ni vigumu hata kupata mtu wa kuongea naye. Mwaka wa uchaguzi wanasiasa wanakodi kila kitu chenye waya. Mkikutana Jumanne au Jumatano, isipokuwa iwe siku ya soko lenu, mnaweza kupatana vizuri.

Kwa semina katika hoteli ya mjini, mara nyingi wanatoza kwa kila mtu kwa siku, chai na chakula na ukumbi pamoja. Msidhani vyombo vimo. Ulizeni kwa majina: maiki ngapi, projekta, karatasi kubwa za kuandikia na kalamu zake, na fundi. Ulizeni pia kama mnaruhusiwa kuja na vyombo vyenu, maana hoteli nyingine hutoza kwa kuleta vya nje. Na kama watu ni 25 tu, hamhitaji maiki hata ikiwa ni ya bure. Inawanyamazisha akina mama wenye haya.

Kuna pia gharama za vibali. Kelele kubwa zina kanuni zake za mwaka 2009, kwa hiyo kabla ya kufunga spika uwanjani ulizeni ofisi ya kaunti kama kibali kinatakiwa na ni pesa ngapi. Mkutano wa hadhara ulio wazi kwa kila mtu, sheria inataka taarifa ifike kwa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Na muziki wa wasanii uliorekodiwa, ukipigwa hadharani, una haki za wenyewe. Kwaya yenu na ngoma zenu zitatosha.

Mapatano

Tunapenda kupatana kwa mdomo, halafu tunagombana kwa mdomo. Andikeni karatasi moja tu, pande zote mbili zitie sahihi. Iseme vyombo gani kwa majina na idadi, fundi atafika saa ngapi (iwe saa mbili kabla ya watu, si pamoja nao), ataondoka saa ngapi, saa ya ziada inalipwa vipi, nani anasafirisha, nani ananunua mafuta, na chombo kikiharibika ni nani analipa. Hili la mwisho lina pande mbili. Spika iliyokufa yenyewe kwa uzee si deni la kikundi. Spika iliyoangushwa na watoto wetu ni deni letu. Kabla ya kuanza, mtu mmoja wa kamati azunguke na fundi na waandike kila ufa na kila kifuniko kilichopotea.

Lipeni arubuni, nusu au chini ya nusu, na iliyobaki baada ya kazi. Msilipe yote mbele hata akiwa ndugu. Mkilipa kwa M-Pesa, mweka hazina aangalie jina linalotokea ni la yule mliyepatana naye, na ule ujumbe usifutwe. Gharama ya kutuma pesa ni matumizi ya kikundi vilevile, iandikwe. Risiti idaiwe siku ile ile, kwa sababu wiki ijayo kitabu cha risiti "kimesahauliwa nyumbani".

Vyombo vya kuazima bure, kwa mfano kutoka kanisani au kwa kikundi jirani, viandikiwe karatasi hiyo hiyo. Cha kuazima kikiharibika bila maandishi kinaleta uadui mrefu kuliko cha kukodi.

Kununua au kukodi

Kila mwaka kuna mtu atasema, "Kwa nini tusinunue zetu?" Ni swali zuri, lijibiwe kwa hesabu. Tuseme seti inauzwa sh. 60,000, na kukodi ni sh. 8,000 kama katika mfano wetu. Gawanya: ni lazima mkutane karibu mara 8 ndipo pesa zirudi. Kikundi chenye mkutano mkubwa mmoja kwa mwaka kitangoja miaka 8, na kabla ya hapo vumbi, panya na kuazimwa ovyo vitakuwa vimeimaliza. Kikodi tu. Lakini vikundi 12 vikichanga sh. 5,000 kila kimoja, na kila kimoja kikaitumia mara moja kwa mwaka, pesa imerudi kabla mwaka kwisha. Hapo kununua kuna maana, kama mmekubaliana kwanza ni nani anaitunza, inalala chumba kipi, nani ana ufunguo, na wakati wa mazishi inatoka kwa bei gani. Hili la mazishi lisiachwe. Hakuna mtu anayeweza kumkatalia mfiwa mlangoni saa mbili usiku, kwa hiyo bei yake, au kwamba ni bure kwa wanachama, iamuliwe kabla mtu hajafa.

Siku yenyewe na kesho yake

Jaribuni vyombo viti vikiwa vitupu, kisha mjaribu tena watu wakiwa wamejaa, maana miili ya watu inakula sauti. Chagueni mama mmoja aketi mstari wa mwisho na leso nyekundu. Akiacha kusikia anaiinua, na mwenyekiti anamsimamisha msemaji, hata msemaji awe nani. Afanye hivyo hasa wakati wa hesabu.

Jioni, yule yule aliyeandika nyufa asubuhi ahesabu vyombo tena pamoja na fundi, waya kwa waya, kabla pikapu haijawashwa. Ndipo mweka hazina alipe iliyobaki. Wiki hiyo hiyo katibu afungue ukurasa mmoja katika daftari la kikundi na kuandika: tulikuwa watu wangapi, tulikodi nini, kwa nani, kwa pesa ngapi, alifika saa ngapi, nini kilikwama, leso iliinuliwa mara ngapi. Katika mkutano wa kawaida unaofuata ukurasa huo usomwe pamoja na risiti zake, na nakala ya bei zile tatu ibaki humo ndani ya daftari. Kamati ya mwaka ujao itakapoketi, na kijana akauliza, "Na mitambo je?", watafungua hapo.